Mimba ya wiki 31: nilale vipi wanaponikanda?

"Nina mimba ya wiki 31, ni ya pili. Ninaishi Kadutu, hapa Bukavu, ninauza unga sokoni, na mgongo unaniuma sana chini, hasa jioni. Mama mkwe wangu ananikanda mara mbili au tatu kwa wiki. Ananilaza chali kwenye mkeka, anaanza na miguu, anakuja kwenye kiuno, halafu anamalizia na tumbo. Mara mbili nimeona giza machoni, moyo ukaenda mbio, jasho likanitoka, nikigeuka inaisha. Yeye anasema ni uchovu, na kwamba sisi wasichana wa leo tunadeka. Rafiki yangu akanipeleka kwenye saluni moja hapa mjini yenye kitanda chenye tundu la kuingiza tumbo, nikaogopa kukilalia. Wifi yangu naye anasema nikilala upande wa kuume mtoto anakosa hewa, sasa usiku nikishtuka na kujikuta nimelala chali ninatoa machozi. Tena kwenye ekografi (kipimo cha picha ya tumbo) waliniambia mtoto amekaa matako chini, na mama mkwe anasema atamgeuza kwa mikono yake. Je, niache kukandwa kabisa? Na nilale vipi?"

Mama, asante kwa kueleza kila kitu hatua kwa hatua, umenirahisishia kazi. Nianze na jibu lenyewe ili usisome ukiwa na wasiwasi: usiache kukandwa. Kukandwa mgongo, mabega, nyonga na miguu kwa mikono ya upole kunamfaa mama mwenye mimba isiyo na matatizo, na kwa kazi unayoifanya, mwili wako unakuhitaji uupumzishe. Kinachopaswa kubadilika ni namna unavyolazwa. Na kuna sehemu moja, tumbo, ambayo mikono ya mama mkwe inabidi iiache, hata kama nia yake ni safi kabisa.

Lile giza machoni si kudeka. Ninalisema wazi kwa sababu akina mama wengi wanaokuja kliniki hawalitaji mpaka uulize, kwa kuwa nyumbani waliambiwa wavumilie. Ni mwili unaotoa taarifa sahihi kabisa, na taarifa yenyewe ni hii: uzito wa tumbo umelalia mshipa.

Nyuma ya mfuko wa uzazi, mbele ya uti wa mgongo, upande wa kuume kidogo, unapita mshipa mpana unaorudisha damu moyoni kutoka miguuni na nyongani. Mshipa huo una kuta laini, na damu ndani yake inapita kwa msukumo mdogo tu, kwa hiyo ukiulalia unabonyea kama mpira wa maji uliokanyagwa. Mimba ikiwa changa, mfuko wa uzazi bado umejificha ndani ya nyonga na hauna uzito wa kumsumbua mtu. Kufikia wiki ya 20 hivi unakuwa umefika usawa wa kitovu. Wewe uko wiki ya 31: mtoto peke yake ana karibu kilo moja na nusu, na hapo hujahesabu maji, kondo la nyuma na misuli ya mfuko wenyewe. Ukilala chali, mzigo wote huo unaangukia nyuma, juu ya mshipa. Damu inayorudi moyoni inapungua, moyo unakosa cha kusukuma, presha inashuka. Ubongo ndio unaolalamika wa kwanza: kizunguzungu, kichefuchefu, jasho jembamba, giza. Moyo unakimbia ukijaribu kufidia. Kondo la nyuma nalo, linalomlisha mtoto, linapata damu pungufu kwa muda huo. Ukigeuka ubavu, mzigo unaondoka, damu inapita, na baada ya dakika moja au mbili unajisikia mzima. Ndivyo ulivyoeleza mwenyewe.

Sasa, mama mkwe wako anaweza kukuapia kwamba yeye alilala chali katika mimba zake zote na hakuona kitu, na akawa anasema kweli. Si kila mama anasikia dalili hizi. Kuna wanawake ambao damu yao inapata njia ndogo za pembeni kuzunguka pale palipobanwa, presha haishuki sana, nao hawajui kama kuna kilichotokea. Lakini kutosikia hakumaanishi mshipa uko wazi. Ndiyo maana hata hospitalini, mama anapolazwa mezani kupasuliwa, wahudumu wanamwekea kabari chini ya nyonga ya kuume ili tumbo liegemee kushoto. Hawamuulizi kwanza kama anaona giza. Basi nawe kuanzia sasa, akukande nani au wapi, usilale chali bapa. Ukitaka kumweleza mama mkwe, mwambie tu kwamba mtoto amekuwa mzito na analalia mshipa wa damu. Yeye amezaa, ataelewa haraka kuliko unavyofikiri.

Jambo moja hapo usilipuuze. Kama kizunguzungu kinakujia hata ukiwa umesimama sokoni, au asubuhi, au ukipanda ngazi za kuelekea nyumbani, hicho si cha kulala chali peke yake. Nenda wakupime damu. Kwa mama mjamzito, hemoglobini ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita tunasema damu imepungua, na hapa kwetu malaria, minyoo na chakula kisichotosha vinaishusha kimyakimya.

Sasa ulazwe vipi? Mlalo ninaoupenda kuliko yote, na ambao unaweza kuutengeneza nyumbani kwako leo hii bila kununua kitu, ni wa ubavu. Mkeka juu ya saruji hautoshi. Bukavu tuko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, jioni saruji ni baridi, na mfupa wa nyonga na wa bega ukigandamizwa sakafuni kwa nusu saa utainuka ukiumwa kuliko ulivyolala. Tumia godoro la sponji, lisiwe lile lililochoka linalokuzamisha katikati, na likiwa juu ya kitanda ni afadhali zaidi, kwa sababu kuinuka kutoka sakafuni kwa tumbo la wiki 31 ni kazi ya ziada kwa mgongo unaoutibu.

Tafuta mto mmoja wa kichwa na vikwembe (vitenge) vitatu au vinne. Kichwa kiinuliwe tu kiasi cha shingo kunyooka sawa na uti wa mgongo. Mito miwili mirefu inakunja shingo. Kikwembe cha kwanza kikunje bapa, kipana kama kiganja na unene wa vidole viwili hivi, ukichomeke chini ya tumbo pale linapogusana na godoro. Wengi wanaisahau sehemu hii. Ukilala ubavu, tumbo linaning'inia kuelekea chini na kuvuta misuli ya kiuno cha juu, na mama anaumwa bila kujua kwa nini. Kikwembe kinalibeba. Kisiwe kinene hadi kulisukuma tumbo juu; kiguse tu na kushikilia. Ukivuta pumzi ndefu na kuhisi kiuno kimelegea, hapo ndipo.

Mguu wa chini unyooke kidogo, goti likunjwe kiasi tu. Mguu wa juu ukunje goti na ulete mbele, na chini yake weka mto au vikwembe viwili vilivyokunjwa vinene. Angalia hapa: mto usiishie kwenye goti. Uende mpaka kwenye kifundo cha mguu, ili goti na kisigino viwe usawa mmoja. Mguu ukibaki unaning'inia kutoka gotini, paja linajipinda kwa ndani na kuivuta nyonga ya juu, na maungio ya nyonga zako kwa wakati huu yamelegea kwa sababu ya homoni za mimba. Wengi wa mnaoniambia "kukandwa kunaniuma zaidi" tatizo lenu liko hapo, kwenye mguu usio na mto, wala si kwenye mikono ya anayekanda.

Mkono wa juu nao ukumbatie kitu kifuani, kikwembe kilichoviringishwa au nguo za mtoto mkubwa, ili bega lisianguke mbele. Nyuma ya mgongo weka kingine cha kuegemea unapopumzika. Kitaondolewa akianza kukanda.

Anayekanda apige magoti au akae nyuma yako. Aanze kwenye mfupa bapa ulio juu kidogo ya matako, aweke kiganja kizima, akae hapo kidogo mpaka mkono upate joto, halafu apande polepole kuelekea mabegani na kurudi. Vidole gumba vipite kwenye misuli iliyo pembeni mwa uti wa mgongo, visikanyage mfupa wenyewe. Kisha tako la juu: pale pana misuli minene inayobeba kila ngazi unayoipanda Kadutu, na ngumi iliyofungwa kwa ulegevu, ikizungushwa taratibu, inaleta nafuu kubwa kuliko kukazana na kiuno. Nguvu iwe ya kiasi gani? Uwe unaweza kuzungumza bila kukata pumzi. Ukianza kuuma meno, imezidi. Dakika kumi na tano upande mmoja zinatosha, halafu mgeuke.

Na kugeuka kwenyewe kuna namna yake. Usijiviringishe kupitia mgongoni ukiwa umepanua miguu. Bana magoti pamoja, jisukume kwa mikono, ukae, au upitie mikononi na magotini, halafu ulalie upande wa pili. Mkimaliza usiinuke ghafla. Teremsha miguu kwanza, kaa ukingoni mwa kitanda upumue, unywe maji, ndipo usimame, kwa maana mwili uliolegea presha yake iko chini kidogo na kusimama haraka kunaweza kukurudishia lile giza.

Siku ambayo hutaki kulala, kaa. Geuza kiti cha kawaida, kikalie kama unavyopanda pikipiki, kifua kikielekea egemeo, weka mto juu ya egemeo na ulaze mikono na kichwa hapo. Tumbo linabaki huru mbele yako, mgongo wote uko wazi, na mume wako anaweza kukukanda mabega na kiuno huku mnazungumza. Mfundishe sasa. Siku ya uchungu mkono huohuo, ukigandamiza ule mfupa bapa wa juu ya matako kila uchungu unapopanda, unasaidia kweli. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 kuhusu huduma wakati wa kujifungua yanautaja masaji miongoni mwa njia za kumpunguzia mama maumivu akitaka.

Kama ni miguu au uso vinavyokandwa, unaweza pia kuegemea nusu kuketi, mgongo umeinuliwa vizuri kwa mito, si kidogo tu, pamoja na kikwembe chini ya nyonga ya kuume ili tumbo liinamie kushoto. Hata hapo, ukianza kusikia kichefuchefu au joto la ghafla, geuka ubavu mara moja. Usiombe ruhusa na usingoje amalize.

Kitanda chenye tundu: uliogopa, na mimi ningekushauri uendelee kukikwepa. Sisemi kitamuua mtoto. Mama mwenye afya akilala kifudifudi kwa muda mfupi juu ya kifaa kilichotengenezwa kwa makini, uzito unaondoka kwenye ule mshipa, na wapo wanaosema ni raha ya ajabu kulala kifudifudi tena baada ya miezi. Shida yangu ni tundu. Tundu halina kipimo chako. Likiwa kubwa, tumbo linaning'inia bila kushikiliwa, linavuta kano zinazoushikilia mfuko wa uzazi na kuzidisha mbonyeo wa kiuno, yaani linakuongezea maumivu yaleyale yaliyokupeleka. Likiwa dogo, ukingo wake unabana tumbo. Ongeza shida ya kupanda na kushuka, na kwamba mkandaji haoni uso wako ukibadilika. Kwa sababu gani ulipie hayo wakati ubavu wako na vikwembe vinne vinatosha? Vilevile usikubali kutengenezewa tundu la nyumbani kwa mito iliyopangwa au magurudumu ya gari. Mimba ya miezi ya mwanzo, kabla tumbo halijatokeza, ni habari nyingine: hapo kulala kifudifudi hakumgusi mtoto, amekingwa nyuma ya mfupa wa nyonga, na mama anaacha tu siku anapoona hajisikii vizuri.

Twende kwenye machozi yako ya usiku, kwa maana hayo yaniumiza zaidi. Wifi yako amesikia jambo la kweli likiwa limevukwa mipaka. Ni kweli kwamba kuanzia wiki ya 28 tunawashauri akina mama wasianze usingizi wakiwa chali. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, uliounganisha tafiti kadhaa zikiwemo za New Zealand, Australia na Uingereza, ulionyesha kwamba waliolala chali walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kumpoteza mtoto tumboni miezi ya mwisho, karibu mara mbili na nusu ya wale waliolala ubavu. Hatari yenyewe kwa mama mmoja mmoja bado ni ndogo, lakini kwa kuwa kuipunguza hakugharimu chochote, tunaisema. Uchambuzi huohuo ulilinganisha ubavu wa kushoto na wa kuume, na haukuona tofauti. Kushoto kunapendekezwa kwa sababu mshipa ule uko kuume kidogo, na kama upande wa kuume unakuletea kizunguzungu basi kaa kushoto. Ila mtoto wako hakosi hewa ukigeukia kuume. Lala upande utakaoleta usingizi, ubadilishe nyonga ikichoka.

Na kuhusu kushtuka ukiwa chali: kinachohesabika ni mlalo unaoanza nao, kwa kuwa ndio unaokaa nao muda mrefu zaidi. Hakuna anayejilinda akiwa usingizini, na mara nyingi ni mwili wenyewe uliokuamsha kwa kuwa haukuupenda mlalo ule. Geukia ubavu, chomeka kikwembe nyuma ya mgongo, ulale. Hujamdhuru mtoto wako. Ninakuomba usome sentensi hiyo tena usiku utakapoihitaji.

Miguu mama mkwe anaikanda vizuri, aendelee, ila mashavu ya miguu asiyafinye kwa nguvu. Mimba inaifanya damu igande kwa urahisi zaidi, asili ikijiandaa kuzuia kutokwa na damu wakati wa kujifungua, na bonge la damu likijitengeneza ndani ya mshipa wa mguu, kulikanda kunaweza kulisukuma mpaka mapafuni. Apapase kutoka kifundo cha mguu kwenda juu, kiganja kikiwa wazi. Kabla ya kuanza, aitazame miguu yote miwili. Kuvimba kidogo sawasawa jioni baada ya siku ya kusimama ni kawaida. Mguu mmoja pekee ukivimba, ukawa na joto, mwekundu au unauma shavuni, mara nyingi ni wa kushoto, usikandwe hata kidogo. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Utasikia pia kwamba kuna sehemu za kisigino na kifundo zikiguswa mimba inatoka. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kukandwa nyayo kunatoa mimba, kwa hiyo usibebe hofu hiyo. Asigandamize tu kwa nguvu kidole kimoja mahali pamoja kwa muda mrefu. Wakati huu haina faida.

Sasa tumbo. Hapa nitakuwa mkali kidogo, si kwako wala kwa mama mkwe, bali kwa desturi yenyewe. Kupaka tumbo mafuta kwa kiganja chepesi, kama unavyopaka ngozi ya mtoto mchanga, hakuna ubaya, na ni njia nzuri ya kumsalimia mtoto. Kulisukuma, kulikandamiza, kumshika mtoto kichwa na matako na kumzungusha, hapana. Kondo la nyuma limejishika kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, na kwa mikono nje huwezi kujua limejishika wapi. Likibanduka kabla ya wakati, mama anavuja damu, wakati mwingine damu inabaki ndani bila kuonekana, na mtoto anakosa hewa kwelikweli. Kamba ya kitovu inaweza kubanwa. Kwa mama aliyewahi kupasuliwa, kuna kovu kwenye mfuko ambalo linaweza kuachia. Bibi zetu waliofanya hivi walikuwa na mikono yenye ujuzi, siwadharau, lakini hawakuwa na ekografi ya kuwaonyesha kondo liko wapi, wala chumba cha upasuaji nyuma ya mlango mambo yakiharibika.

Na hakuna sababu ya kuharakisha. Wiki ya 28, mtoto mmoja kati ya wanne au watano bado ametanguliza matako. Mimba ikikomaa wanabaki watatu au wanne tu kati ya mia. Wengine wote wamejigeuza wenyewe, bila mtu kuwagusa, na wako ana nafasi na muda wa kufanya hivyo. Ataangaliwa tena karibu na wiki ya 36. Kama bado amekaa vilevile, daktari anaweza kujaribu kumgeuza kwa mikono kupitia tumbo, na ndiyo, ni kazi inayofanana na anayotaka kuifanya mama mkwe, ila inafanyika hospitalini, kwa ekografi, mapigo ya moyo wa mtoto yakisikilizwa kabla na baada, na timu ya kupasua iko tayari. Inafaulu kwa karibu nusu ya akina mama. Ikishindikana mnapanga pamoja namna ya kujifungua, na mnaipanga mapema, si usiku wa manane mkitafuta usafiri mlimani.

Kuhusu mgongo wenyewe, kukandwa kutakupa nafuu ya usiku mmoja, lakini mchana unayarudisha maumivu. Tumbo limeuvuta uzito mbele, kiuno kinajikunja kwa ndani ili usianguke, na kila ukiteremka mlima unajirudisha nyuma zaidi. Teremka kwa hatua fupi, magoti yakiwa yamelegea. Kigoda cha chini unachokalia mbele ya mbabula (jiko la makaa), kibadilishe na kilicho juu zaidi; kusonga bugali umeinama na tumbo kati ya mapaja kunauumiza mgongo kuliko mfuko wa unga. Na mfuko wa unga, mama, mwachie mwingine, awe wa kichwani au wa kamba ya kwenye kipaji. Ninajua si rahisi, ninajua sokoni asiyebeba hauzi. Basi gawanya mzigo uwe midogo, na umlipe mtu kwa ule mkubwa kwa miezi hii miwili. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2016 kwa huduma za wajawazito, linashauri mazoezi ya kawaida katika mimba yote ili kuzuia maumivu ya kiuno na nyonga: kutembea, na lile la kusimama kwa mikono na magoti huku ukiinua na kushusha mgongo polepole, mara kumi hivi jioni, linakutosha.

Kuna siku ambazo hupaswi kukandwa popote wala na yeyote, unapaswa kwenda kituo cha afya. Ukiwa na homa, usikandwe, ukapimwe malaria. Kichwa kikiuma vikali bila kupoa, ukiona nyotanyota au ukungu, uso na mikono vikivimba ghafla, au maumivu chini ya mbavu za kuume, wakupime presha na mkojo siku hiyohiyo. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi si ya kungojea miadi. Damu ikitoka hata kidogo, maji yakivuja, tumbo likikauka gumu na kuuma bila kuachia, au likikaza na kuachia kwa mpangilio kabla ya wiki ya 37, ondoka nyumbani. Hali kadhalika mtoto akicheza kidogo kuliko kawaida yake: lala ubavu, tulia, msikilize kwa makini, na usipomsikia kama ulivyomzoea usingoje kesho. Panga tangu sasa ni nani atakusindikiza na kwa pikipiki ya nani, kwa sababu usiku kushuka kutoka Kadutu si jambo la kupangia mlangoni. Maumivu yakiwa makali mbele kwenye mfupa wa kinena, au ukishindwa kuinua mguu mmoja kuvaa nguo, omba kuonwa na mtaalamu wa viungo, yule tunayemwita kine. Hospitali kubwa za mjini wanaye, na kazi yake ni tofauti na ya saluni.

Kwenye kliniki ijayo, mwombe mama mkwe mfuatane. Mkunga amwekee mkono wake juu ya tumbo pale kilipo kichwa cha mtoto na amwonyeshe kwa ekografi, kama ipo siku hiyo, kondo lilipojishika. Halafu mwombe mkunga akulaze ubavu mbele yake, aonyeshe mto unaofika kwenye kifundo cha mguu na ngumi inavyozungushwa kwenye tako. Akirudi nyumbani atakuwa na kazi mpya ya mikono yake, naye ndiye atakayewafundisha majirani.